Tiketi ya kuzunguka dunia kuanzia Unguja: anza na njia, miji baadae

Asalaam aleikum jamani. Tangu mie na mke wangu turudi kwenye ule mzunguko wetu watu hawaishi kuniuliza, wengine barazani wengine kwenye simu, hii tiketi moja ya kuzunguka dunia inapangwa vipi. Na nimeona wengi wanaanzia mwisho, wanaandika miji yote wanayoitamani halafu ndo wanakwenda kwa ajenti, kufika huko njia haifungi au bei imepanda mpaka wanaiacha. Kwahiyo naandika hapa kwa urefu, atakae asome.

Kwanza ijue tiketi yenyewe. Haiuzwi na shirika moja peke yake, ni ya umoja wa mashirika. Kwetu Unguja wanatua Ethiopian na Turkish, wote wawili wamo Star Alliance, na anatua Qatar Airways, yeye yumo oneworld. Star wao wanahesabu maili, kwa miaka mingi ngazi zao zimekuwa 29,000, 34,000 na 39,000, ukipitiliza hata kidogo unalipia ngazi ya juu yake. Oneworld ile yao inayoitwa Explorer inahesabu mabara, kuanzia matatu mpaka sita. Masharti mengine yanafanana: vipande visizidi 16 (kipande ni kupanda ndege moja na kushuka), safari iishe ndani ya mwaka mmoja, unakwenda upande mmoja ama mashariki ama magharibi, unavuka Atlantiki mara moja na Pasifiki mara moja, na unamalizia nchi ile ile uliyoanzia. Yaani unaweza kuondokea uwanja wetu wa Kisauni hapa Unguja ukamalizia Dar ukarudi na boti, hapo hujavunja kitu.

Sasa hilo la kuvuka bahari mbili ndo linalotubana sie wenye paspoti ya Tanzania. Njia nyingi za Pasifiki zinashukia Marekani, na Marekani hakuna cha kupita uwanjani tu, hata ukiwa unabadilisha ndege kwa saa mbili unapitishwa uhamiaji na lazima uwe na viza. Kwahiyo viza ya Marekani ndo kitu cha mwanzo kabisa, kabla hujalipa hata senti moja ya tiketi, kwasababu ukinyimwa duara lako halifungi na yote uliyopanga yanakuwa bure. Ubalozi uko Dar, tia na siku za boti na za kusubiri usaili kwenye hesabu zako. Japani nao wanataka viza, waombe baada ya hapo. Singapore na Malaysia hatuombi viza, ndo maana mie napenda kituo kikubwa cha Asia kiwe hapo, mtu unapumzika kidogo na makaratasi. Na masharti ya viza yanabadilika, angalia upya wiki unayotaka kulipa, usitegemee alivyokwambia mtu aliyesafiri mwaka juzi.

Viza zikishaeleweka tafuta tufe, lile la skuli linatosha, na uzi. Mie nilichukua uzi wa mama wa kushonea kofia, nikabana ncha moja kwa kidole juu ya Tokyo nikauvuta mpaka San Francisco ukakaza, na uzi haukupita katikati ya bahari kama unavyoona kwenye ramani ya ukutani, umepanda juu karibu na visiwa vya Alaska. Hiyo ndo njia fupi ya ndege na hivo ndo maili zinavyohesabiwa. Kaa na uzi wako nusu saa, utaona wewe mwenyewe mji gani uko njiani na mji gani unaupinda uzi. Mji ulio njiani unakaribia kuwa wa bure, mji unaoupinda uzi ndo unaokula tiketi.

Chukua mfano wetu, kwa tiketi ya Star. Unguja kwenda Addis Ababa ni kama maili 1,050, Addis mpaka Singapore 4,500, Singapore mpaka Tokyo 3,300, Tokyo mpaka San Francisco 5,100, San Francisco mpaka New York 2,600, New York mpaka Istanbul 5,000, Istanbul kushuka Unguja 3,300. Jumla ni karibu 25,000, umo ndani ya 29,000 na bado una maili kama 4,000 za kuchezea. Mke wangu alitaka Sydney. Tukapiga hesabu, Singapore kwenda Sydney 3,900, Sydney kupanda Tokyo 4,900, yaani badala ya 3,300 unatumia 8,800, jumla inapita 30,000 na tumeshaingia ngazi ya 34,000 kwasababu ya mji mmoja tu. Tukaiacha. Lakini akasema basi tupite umra tukirudi, na hapo ndo nilifurahi wallahi, maana Istanbul mpaka Jeddah ni 1,500, Jeddah mpaka Addis 900, Addis mpaka kwetu 1,050, jumla 3,450, ukilinganisha na ile 3,300 ya moja kwa moja unaona tofauti haifiki hata maili 200. Umra mzima kwa maili ambazo huzioni! Kilichoongezeka ni vipande, kutoka saba mpaka tisa, na ruhusa ni 16. Viza ya Saudia tu ndo uitafute mapema.

Kama Bali au Penang inakuvuta sana usiitie kwenye tiketi kubwa. Fika Singapore, nunua tiketi ndogo ya kwenda na kurudi kwa ndege za bei rahisi, halafu endelea na safari yako. Maili zako haziguswi.

Kituo kinahesabiwa stopova ukikaa saa 24 au zaidi, chini ya hapo ni transiti tu na haikuli kwenye idadi ya vituo. Watu hawaitumii hii. Ukifika mji saa moja asubuhi na ndege ya mbele ni saa nne usiku, una siku nzima ya kutembea (kama viza inaruhusu) na bado kwenye tiketi ni transiti. Ila usije ukadhani ukienda kwa treni au basi unaokoa maili, ukishuka San Francisco ukapanda tena Los Angeles lile pengo linahesabiwa, maili zake na kipande chake.

Sasa saa. Hapa naomba usome polepole, ndipo alipoumia ndugu yangu. Tiketi yake iliandikwa tarehe 10, saa 00:40. Yeye usiku aliufuatisha mchana uliopita, saa sita na dakika arobaini usiku kwake ikawa ni usiku wa tarehe 10, akala cha jioni na wenyeji wake, akaaga, akafika uwanjani saa tatu usiku na begi lake limefungwa kamba. Kijana wa kaunta akatizama karatasi, akatizama kalenda, akamwambia kaka, ndege hii imeondoka jana usiku. Alitakiwa kuwa pale usiku wa kuamkia tarehe 10. Na kwenye tiketi hizi ukikosa kipande kimoja bila kuwaarifu, mtambo unafuta vipande vyote vilivyobaki, alibaki ugenini akipiga simu na kulipia kutengenezewa tiketi upya. Kwahiyo kila ndege inayoanza na 00 au 01 andika kwa mkono wako pembeni, "niwepo uwanjani usiku wa tarehe fulani", tarehe ya jana yake. Fanya hivo hata kama unajiona umeelewa. Na ukijua utachelewa, piga simu kabla ndege haijaondoka.

Pasifiki nayo inachanganya tarehe. Ukienda mashariki unaondoka Tokyo jioni unafika San Francisco asubuhi ya siku ile ile, kwahiyo hoteli ibuku kwa tarehe iliyoandikwa ya kufika, usiongeze siku. Upande wa mashariki upepo wa juu unakusukuma, Tokyo kwenda San Francisco ni kama saa tisa na nusu na ukirudi zinakaribia kumi na moja, kama vile majahazi ya zamani yalivyosubiri kusi ndo yaondoke. Lakini mwili unateseka zaidi mashariki kwasababu siku zinafupishwa. Weka usiku tatu mji wa kwanza baada ya Pasifiki, sio mmoja.

Angalia na majina ya viwanja. Tokyo kuna Haneda na kuna Narita, na Narita iko kama kilomita 60 nje ya mji. New York vilevile, ukishushwa JFK ukaondokea Newark unavuka mji mzima na mabegi. Ukiona transiti ya saa tatu yenye viwanja viwili ikatae, mwambie ajenti akutafutie nyengine.

Chanjo ya homa ya manjano piga angalau siku kumi kabla ya kuondoka, kadi uweke pamoja na paspoti, tunapitia Afrika na nchi nyingi za Asia zinaiuliza. Chakula cha Kiislamu alama yake kwenye tiketi ni MOML, kiombwe kwa kila kipande maana kila shirika lina mtambo wake, ukikiomba Ethiopian haina maana ANA, shirika la Japani, wamekipata.

Tarehe: mashirika yanafungua viti kama siku 330 hivi mbele, kwahiyo ukipanga safari ya mwaka mzima vipande vya mwisho havipatikani siku unayolipa. Vitie tarehe ya karibu iliyopo halafu usogeze baadae, kubadilisha tarehe ni rahisi, kubadilisha mji ndo kunalipiwa na tiketi inatolewa upya. Sie tulirudisha nyuma kipande cha Jeddah ili tuwe nyumbani kabla ya Ramadhani.

Na wenzangu wa Pemba, kutoka Chake au Mkoani mpaka Unguja haimo kwenye tiketi hii, ni gharama yako mbali, na boti ikizuiliwa na hali ya hewa hakuna shirika litakalokusubiri. Lala Mjini usiku mmoja kabla, na wakati wa kusi ikiwa bahari imechafuka lala siku mbili.