Chumvi ya maji ya kisima imetoka wapi? Kupima bonde kame kwa kemia na isotopu

Katika bonde kame maji ya ardhini hupata chumvi kwa njia tatu kuu: jua liliyavukiza kabla hayajazama, mizizi iliyanyonya ikaiacha chumvi udongoni, au yaliyeyusha chumvi iliyomo kwenye mwamba. Mdomoni ladha ni ileile. Kinachotenganisha ni kloridi, bromidi na isotopu za maji yenyewe, yaani atomi za hidrojeni na oksijeni zilizo nzito kuliko za kawaida.

1. Chagua visima. Visima kumi ambavyo unajua bomba lenye matundu limekaa kina gani ni bora kuliko arobaini visivyo na kumbukumbu. Kusanya na maji ya mvua.

2. Toa maji yaliyolala. Bomba la kipenyo cha milimita 150 lenye maji ya kimo cha mita 40 hubeba takriban lita 700. Toa mara tatu ya hapo, lita 2,100. Kwa pampu ya lita 30 kwa dakika, hiyo ni saa moja na dakika kumi. Usichukue sampuli kwenye tangi.

3. Jaza chupa. Kazi nyingi huharibikia hapa, na maabara haiwezi kukurekebishia.

Chupa ya kalsiamu, magnesiamu, sodiamu na potasiamu: chuja kwa mikroni 0.45, *kisha* tia asidi ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2. Ukitia asidi kabla ya kuchuja, asidi huyeyusha tope na utapima udongo badala ya maji. Chupa ya kloridi, bromidi, sulfati na nitrati: chuja, usitie asidi, asidi ya nitriki ni nitrati tupu. Tumia sindano yenye kichujio. Pampu ya kuvuta hewa iache, kwani hufyonza kaboni dioksidi.

Bikaboneti pima palepale kisimani. Maji yakipoteza kaboni dioksidi, pH hupanda na chokaa huganda ukutani mwa chupa, ikiondoka na kalsiamu pamoja na bikaboneti. Mtego ni huu: ukipima vyote viwili katika chupa hiyo moja, chaji chanya na hasi bado zitalingana, maana vimepungua kwa kiasi sawa. Hesabu itapendeza, nayo ni ya uongo.

Chupa ya oksijeni-18 (oksijeni nzito) na deuteriamu (hidrojeni nzito, ²H) ijae hadi mdomoni, bila kiputo, na kifuniko kikazwe. Mvuke huondoka zaidi na atomi nyepesi na kuacha nzito, hivyo ukitoroka, chupa yenyewe inakutengenezea dalili za jua.

4. Kagua chaji. Tofauti kati ya jumla ya chaji chanya na hasi ikizidi asilimia 5, rudia.

5. Soma. Mvua ya dunia hufuata mstari δ²H = 8δ¹⁸O + 10, ambapo δ ni tofauti ya isotopu hiyo na maji ya kipimo rejea, kwa sehemu kwa elfu. Visima vikijipanga kwenye mwinamo wa 4 hadi 6, huku kloridi ikipanda pamoja na oksijeni-18, ni jua. Kloridi ikipanda peke yake, tazama uwiano wa uzito wa kloridi kwa bromidi: ukibaki karibu na wa mvua, ni mizizi, ukivuka 1,000, shuku chumvi ya mwamba.

Ikiwa chumvi si ya mwamba, kadiria maji yanayozama: zidisha mvua kwa kloridi yake, gawanya kwa kloridi ya kisima. Mvua ya milimita 250 yenye miligramu 1 kwa lita, kisima chenye 100: milimita 2.5 kwa mwaka. Kloridi ya vumbi iingie pia kwenye hesabu ya mvua, la sivyo jibu litapungua.

6. Umri, ukiweza kuulipia. Tritiamu, hidrojeni yenye mionzi ambayo nusu-uhai wake ni miaka 12.32, huonyesha kama kuna maji yaliyozama tangu majaribio ya nyuklia ya miaka ya 1950. Kaboni-14 isomwe kwa tahadhari: asilimia 50 ya kiwango cha hewani huonekana kama miaka 5,730, lakini nusu ya kaboni ikiwa imetoka kwenye mawe ya chokaa, maji hayo yanaweza kuwa ya juzi. Pima na kaboni-13, isotopu ya kaboni isiyooza, ili usahihishe. Tritiamu ikionekana pamoja na kaboni-14 ndogo hata baada ya kusahihisha, kisima kinachanganya tabaka mbili. Usikiandikie umri mmoja.