Jinsi ya kuisoma vita ya kuvuka bahari, ukianzia hapa Shela

Wadogo zangu mnaotembeza wageni Lamu, na nyinyi walimu wa historia, hebu leo tuongee namna ya kumwelewesha mtu jeshi linapovuka bahari kwenda kupiga upande wa pili. Wengi huanza na silaha, nani alikuwa na mizinga, nani alikuwa na watu wengi, halafu hadithi inaisha na msikilizaji bado hajaelewa kwa nini mwenye jeshi kubwa kapigwa. Anza na maji. Maji na mwezi, halafu upepo, halafu vyombo, ndo uje kwa watu na silaha zao.

Na darasa liko hapa hapa. Kisa mnakijua: karibu mwaka 1813 Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, waliungana na watu wa Pate, kisiwa jirani, wakaja kuitia Lamu mkononi, wakashukia ufuoni Shela, kijiji cha kisiwa chetu hiki. Watu wa Amu, yaani Lamu, wakatoka kuwakabili, wakawasukuma nyuma mpaka mchangani, kumbe maji yameshatoka, vyombo vimekaa juu ya mchanga, hakuna pa kukimbilia. Waliuawa wengi mno, na mifupa iliendelea kuonekana kwenye vilima vya mchanga vya Shela miaka na miaka baadaye.

Sasa ukitaka mtu akielewe hicho kisa usimpeleke siku yoyote tu. Mpeleke bamvua, yaani siku za maji makubwa, mwezi mpya au mwezi mpevu, maana siku za maji mafu bahari inapanda kidogo inashuka kidogo na mtu hatakuamini. Siku za bamvua kwetu maji hujaa mida ya saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa mida ya saa nne asubuhi, na kila siku inayofuata sogeza mbele kama dakika 50. Kwa hiyo tokeni mjini asubuhi mapema, mfuate njia ya ufuoni, ni kilomita 3 hivi, mfike Shela kama saa mbili wakati maji yanatoka.

Hapo chagua mashua moja iliyotia nanga karibu na ufuo, mkae muiangalie. Mwanzo inaelea, inageuka geuka na mkondo. Baadaye mkuku unagusa mchanga, inatikisika kidogo, inaanza kulalia ubavu, na ukingoja zaidi unaizunguka kwa miguu na hulowi hata kifundo. Mwambie mgeni wako aisukume. Haiendi. Na hiyo ni mashua tu, sembuse jahazi lililobeba watu na silaha na kuna watu nyuma yako wanakuja na mikuki! Akishaliona hilo kwa macho yake huna haja ya maneno mengi.

Kisha mgeuze aangalie Ras Kitau upande wa Manda, umuoneshe kwamba vyombo vinavyotoka kusini huingilia mlango huu, ndo maana ukiishika Shela umeushika mlango wa mji.

Ukitoka hapo unaweza kwenda naye popote duniani na maswali yale yale. Mchukue Julius Caesar, jenerali wa Kirumi, mwaka 55 kabla ya Kristo, alipovuka ule mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza, ambao pembamba kabisa ni kama kilomita 33. Katoka Mediterania ambako maji hayapandi na kushuka vya maana, na ameandika mwenyewe kwamba watu wake hawakujua kuwa mwezi mpevu huleta maji makubwa kule. Siku ya nne tangu washuke, usiku wa mwezi mpevu, dhoruba ikaja juu ya bamvua, merikebu walizozivuta ufuoni zikajaa maji na zilizokuwa nangani zikavunjika. Mvuvi yeyote wa Shela angemtahadharisha kabla hajalala.

Halafu kuna Normandy, pwani ya Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944, Wamarekani, Waingereza na wenzao walipovuka kutoka Uingereza kuwapiga Wajerumani, na hapa ndo mkae kwa utulivu maana ni vita vya maji kuliko watu wanavyodhani. Swali ambalo wageni huuliza ni kwa nini hawakwenda maji yamejaa ili askari wasitembee mchangani huku wanapigwa risasi. Sababu ni kwamba Rommel, jenerali wa Kijerumani aliyekuwa analinda pwani ile, alijaza ufuo magogo na vyuma vyenye mabomu, maji yakijaa havionekani na chombo kikipita juu kinapasuka. Kwa hiyo walitaka maji yaliyopwa lakini yanaanza kujaa, vizuizi vionekane, na chombo kikishashusha watu maji yakiinue kirudi kuchukua wengine. Hapo hapo walitaka mbalamwezi kwa ajili ya askari wa miavuli, na mapambazuko yaendane na maji, ukijumlisha yote unabakiwa na siku tatu tu, tarehe 5 mpaka 7. Tarehe 5 hali ya hewa ikawa mbaya, Eisenhower, jenerali wa Kimarekani aliyewaongoza, akaahirisha siku moja, na siku hiyo ya tarehe 6 walishuka watu kama 156,000, wengine kwa meli wengine kutoka angani. Na hata fukwe zenyewe hawakushukia saa moja, Wamarekani walianza kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Waingereza wakangoja kama saa nzima zaidi kwa sababu upande wao maji yalichelewa. Mkumbushe mgeni wako ile mashua. Shela maji yalikuwa yanatoka, Normandy yalikuwa yanaingia.

Mfano wa tatu kwenye maji ni Incheon, bandari ya Korea, wakati wa Vita vya Korea, tarehe 15 Septemba 1950, ambako kupwa na kujaa kunapishana kama mita 9. Wamarekani walishusha kikosi cha kwanza kisiwani Wolmido asubuhi, maji yakatoka, wale askari wakabaki peke yao na matope yamewazunguka mpaka maji ya jioni yalipoleta wenzao. Walipona kwa sababu ulinzi wa upande wa pili ulikuwa mdogo.

Kwenye upepo, sisi wa kusi na kaskazi hatuhitaji kufundishwa sana. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, alikaa wiki kadhaa akisubiri upepo wa kusini avuke kwenda Uingereza, na kule kuchelewa kukamsaidia, maana Harold, mfalme wa Uingereza, alilinda pwani kiangazi chote mpaka chakula kikaisha akawaruhusu watu wake warudi makwao, kisha akakimbilia kaskazini kupigana na Wanorwe, akawashinda tarehe 25 Septemba, na tarehe 28 William akashuka kusini bila mtu wa kumzuia. Oktoba 14 Harold akauawa Hastings.

Vyombo ni swali fupi. Wahispania mwaka 1588 walikuja kuivamia Uingereza na meli kama 130, lakini jeshi walilotakiwa kulivusha lilikuwa Flanders, upande wa Ubelgiji ya leo, likisubiri, na meli na jeshi hilo havikukutana kamwe. Hitler mwaka 1940 alikusanya matishari ya mitoni ili avuke kwenda Uingereza, anga hakuishika, mwezi Septemba akaahirisha na hakuenda tena.

Mkirudi Shela, jambo moja nawaomba sana. Ukikuta mfupa kwenye mchanga usiuguse, usiupige picha, na usimruhusu mgeni auchukue. Waliolala pale ni watu wa Pate na Mombasa, wajukuu zao ni majirani zetu na wakwe zetu, hivyo ushindi wa Amu usimulie bila kuwakejeli.

Mkifika mjini pitieni ngomeni. Watu wa Amu walishinda lakini waliogopa wasije wakavukiwa tena, wakamwita Seyyid Said, mtawala wa Oman, awalinde, akaleta liwali wake, yaani gavana, na ngome ikajengwa mpaka ikamalizika mwaka 1821. Kwa hiyo mgeni akikuuliza Waomani waliingiaje Lamu, usianze na Zanzibar, mwelekeze kule Shela mlikotoka, kisha mpandishe juu ya ngome umuoneshe jinsi mji wote unavyoonekana kutoka pale.