Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda India Kusomea BCA

Kijana wa Afrika Mashariki anayetafuta chuo India ili asomee kompyuta hukutana mapema na herufi BCA, yaani shahada ya kwanza ya matumizi ya kompyuta. Kwa kawaida ni masomo ya miaka mitatu yanayohusu uandishi wa programu, hifadhidata na mitandao. Isichanganywe na BTech, ambayo ni shahada ya uhandisi ya miaka minne. Mhitimu wa kidato cha nne Tanzania akumbuke pia kuwa ana miaka kumi na mmoja tu ya shule, ilhali vyuo vya India hudai kumi na miwili.

Jambo linalostahili uangalifu mkubwa zaidi ni kujua nani atakayetia saini cheti. Sehemu kubwa ya taasisi ambazo mawakala hutuletea vipeperushi vyake ni koleji zilizo chini ya chuo kikuu fulani: koleji hufundisha, lakini shahada hutolewa na chuo kikuu hicho. Kwa hiyo wakala aulizwe majina yote mawili, na akisitasita hiyo ni sababu tosha ya kuahirisha malipo. Jina la chuo kikuu litafutwe katika orodha ya UGC, mamlaka inayosimamia vyuo vikuu vya India, ambayo pia hutangaza orodha ya vyuo bandia. Tangu mwaka wa masomo 2024/25 baraza la elimu ya ufundi, AICTE, nalo limeanza kusimamia BCA, hivyo koleji iombwe kibali cha AICTE cha mwaka husika. Daraja la NAAC, chombo cha India kinachokagua ubora wa vyuo, ambalo la juu kabisa ni A++, hupima taasisi nzima. Kwa idara ya kompyuta ni afadhali kusoma mtaala wa kila muhula.

Suala la miaka nalo lisipuuzwe. Sera ya elimu ya India ya mwaka 2020 iliruhusu mwaka wa nne wa shahada ya heshima, na anayepanga kusomea uzamili Marekani, ambako vyuo vingi hutaka shahada ya miaka minne, aulize kabla ya kujiandikisha kama koleji yake inautoa.

Kabla ya kuondoka, Mtanzania awasiliane na TCU, tume ya vyuo vikuu, na Mkenya na KNQA, mamlaka ya sifa za kitaaluma, ili ajue masharti ya kutambuliwa kwa cheti atakaporudi. Mzazi anayesita kumpeleka mwanawe mbali anaweza kutazama tawi la IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, lililofunguliwa Zanzibar mwaka 2023, ingawa lilianza na shahada ya kwanza ya sayansi ya data na akili mnemba, si BCA.

Gharama za ada, bweni na chakula ziombwe kwa maandishi. Hatimaye atafutwe mwanafunzi wa kwetu aliyeko katika koleji hiyo, aelezwe waziwazi kwamba kinachotakiwa si sifa, kisha aulizwe ni lini mara ya mwisho aliingia maabara ya kompyuta, na mashine moja walikaa wangapi.