Droni moja ikipotea, badilisha ufunguo wa kundi zima
Sahihi ya kidijitali ya MAVLink 2 (itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, kati ya droni na kituo cha ardhini), inayoongeza baiti 13 kwenye kila ujumbe, huthibitisha mtumaji lakini haifichi yaliyomo, na droni zote zikitumia ufunguo mmoja, atakayeokota iliyoanguka ataweza kuziamuru zilizobaki. Kwa hiyo, kabla ya kuruka, kila droni ipewe pia kwa waya ufunguo wake wa siri unaojulikana na droni hiyo na kituo cha ardhini pekee, ili moja ikipotea, kituo kizitumie nyingine ufunguo mpya wa kundi, kila moja kwa ufunguo wake. Kwa droni 16 huo ni ujumbe mfupi mara 15 tu, mzigo ambao hata prosesa dhaifu huumudu.

Kwa kusimba ujumbe wenyewe, yaani kuficha yaliyomo, mbinu ya ChaCha20-Poly1305 hufanya kazi vizuri pasipo saketi maalumu ya AES (mbinu ya usimbaji iliyozoeleka), na Ascon, iliyochaguliwa na NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, mwaka 2023, ilibuniwa kwa vifaa vidogo. Kinachosahaulika mno ni kihesabio cha ujumbe, yaani namba inayoongezeka kwa kila ujumbe ili isijirudie: kihifadhiwe kwenye kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, kwa kuwa kikianza tena sifuri baada ya kubadilisha betri, huku ufunguo ukiwa uleule, usimbaji huo huvunjika.