Gari liko kwenye garanti na limepata kasoro ndogo: unachoweza kugusa na usichogusa

Swali hili linarudi kila juma kwa maneno yaleyale: gari langu liko kwenye garanti, limepata kasoro ndogo, naweza kugusa nini mwenyewe? Naliandika mara moja, na atakayeuliza tena atatumiwa somo hili. Linahusu gari jipya lililonunuliwa kwa konsesioneri (muuzaji rasmi wa kampuni ya gari) hapa Lubumbashi. Magari yaliyonunuliwa nje na kupitia mpaka wa Kasumbalesa yana mambo yao, nimeyajibu chini.

Garanti hulipa kasoro ya kiwanda ambayo konsesioneri ameikuta kama ilivyo. Wengi wanaonyimwa walikuwa na haki kabisa, ila kuna mtu aliyegusa kabla yake.

1. Soma kitabu cha garanti. Kwa kawaida siku zinaanza kuhesabiwa ulipokabidhiwa gari. Muda wa kawaida ni miaka 3 au kilomita 100,000, na kinachofika kwanza ndicho kinachofunga. Plaketi za freni, diski ya ambreyaji (klachi), balbu, vifuta kioo na filitri ni vitu vya kuchakaa, havilipwi. Batri mara nyingi ina garanti yake fupi, na mapine yana ya kiwanda chao.

2. Tazama rangi ya taa. Nyekundu ya mafuta ya moteri au ya joto: simama, zima moteri, ita gari la kuvuta. Pampu ya maji iliyoharibika yenyewe italipwa. Moteri uliyoiunguza kwa kusema "nifike kwanza nyumbani" haitalipwa. Taa ya moteri ya manjano ikitulia, endesha taratibu. Ikipepesa, silinda moja haichomi vizuri na mafuta mabichi yanaingia kwenye katalizeri (kisafisha moshi kwenye ekzosi) na kuipika. Ondoa mguu, tafuta pa kusimama.

3. Piga picha ya tablo (dashibodi), taa na kilomita zionekane pamoja. Kama ni mlio, rekodi video yenye sauti na uandike: moteri ilikuwa baridi au moto, mwendo gani, ulikuwa unakata kona au unafunga freni.

4. Soma namba ya kosa, usiifute. Hapa ndipo watu wanapoharibikiwa, kwa hiyo someni polepole. Kosa linapotokea, kompyuta ya gari huhifadhi namba yake (kwa mfano P0171) pamoja na hali ya wakati ule: mizunguko ya moteri, mwendo, joto la maji, mzigo. Hiyo ndiyo inayomwonyesha fundi wa konsesioneri kwamba kosa hutokea moteri ikiwa baridi, au tu unapopanda mlima umebeba mzigo. Ukibonyeza "futa", vyote vinaondoka. Ukichomoa waya wa batri, kwenye magari mengi matokeo ni yaleyale. Usidhani hakuna atakayejua: gari huhesabu kilomita tangu kufutwa, na vipimo vyake vya ndani hurudi sifuri hadi litembee tena safari kadhaa, za kuwasha baridi na za barabara ndefu. Konsesioneri akikuta limetembea kilomita 12 tu tangu kufutwa, atauliza nani alifungua na alifanya nini kingine. Na kosa la mara mojamoja linaweza kujificha hadi garanti iishe.

Skana ndogo ya Bluetooth inatosha. Kitundu chake kiko chini ya usukani. Weka kontakti (funguo hadi taa za tablo ziwake) bila kuwasha moteri, soma, piga picha ya kioo cha simu, chomoa. Usiiache imechomekwa usiku, inanyonya batri. Fundi wa mtaani akikuomba "nikuzimie taa", mwambie asome tu.

5. Unachoweza kufanya mwenyewe: kubadili balbu, kujaza maji ya kioo, kurekebisha presha ya mapine, kuongeza mafuta ya moteri ya namba iliyoandikwa kitabuni, kukaza kifuniko cha tanki la esansi (kikilegea kinaweza kuwasha taa ya moteri, na taa huzimika yenyewe baada ya safari chache). Fuzibli (fyuzi) pia, ila kwa ampea ileile: nyekundu 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Mpya ikiungua papo hapo, acha. Mwenye kuweka ya 30 mahali pa 15 anachoma waya, na waya ulioungua haulipwi.

6. Dai kwa maandishi. Kabla ya kusaini karatasi ya kupokea gari, hakikisha malalamiko yameandikwa kwa maneno yako. "Kuangalia moteri" si malalamiko. Andika: "linatetemeka likiwa baridi kati ya kilomita 40 na 60 kwa saa". Wakisema hawakuona kitu, chukua nakala hata hivyo. Kasoro iliyoandikwa kilomita 96,000 ina uzito ikirudi kilomita 101,000.

7. Vidanji (kubadili mafuta ya moteri) kwa wakati, na faktire (ankara) zake. Vitabu vingi vina jedwali mbili, ya kawaida na ya hali ngumu. Vumbi jekundu la Katanga, safari fupifupi na msongamano ni hali ngumu. Kwa hiyo pale jedwali ya kwanza inaposema kilomita 10,000, mara nyingi yako ni 5,000. Faktire ionyeshe tarehe, kilomita, aina ya mafuta na namba ya filitri. Faktire iliyoandikwa "vidanji" peke yake ni karatasi ya kufungia karanga.

MASWALI

Wa Kampemba: Miye niko na pikapu ya mwaka jana. Fundi alichomoa batri, taa ikazimika. Niko sawa?

Jibu: Hapana. Hatua ya 4.

Wa Kampemba: Lakini taa haiko tena.

Jibu: Taa haiko, kosa liko. Andika tarehe na kilomita za siku alipochomoa, endesha kama kawaida, na taa ikirudi usiruhusu mtu aguse. Kwa konsesioneri sema ukweli tangu mwanzo kwamba batri ilichomolewa. Ataona tu.

Wa Ruashi: Yaya, naenda Kasenga kila juma, vumbi tupu. Naweza kupuliza filitri ya hewa kwa kompresa kati ya vidanji mbili?

Jibu: Swali zuri, maana vumbi linaua moteri nyingi huku na garanti hailipi. Kompresa ya garaji inatoa bar 7 au 8. Ukiisogeza karibu, karatasi inatoboka matundu usiyoyaona, na vumbi linakwangua silinda. Gongagonga filitri taratibu kwenye tairi, au puliza chini ya bar 2 kutoka upande safi kwenda upande mchafu. Mimi ningebadili tu, filitri ni bei ndogo. Kisha pitisha kidole ndani ya bomba linalotoka filitri kwenda moteri. Ukikuta vumbi, raba haifungi vizuri: piga picha, nenda kwa konsesioneri siku hiyohiyo. Wakaguzi wa garanti hutazama bomba hilo kwanza, na mafuta ya moteri yakipimwa, silikoni nyingi inawaambia vumbi liliingia.

Wa Kasumbalesa: Nilinunua gari Afrika Kusini, jipya. Huko sheria inaruhusu kutengeneza popote bila kupoteza garanti. Kwa nini unatutisha?

Jibu: Unachokisema ni mwongozo wa Tume ya Ushindani ya huko, ulianza tarehe 1 Julai 2021, na ni wa soko la Afrika Kusini. Haukuvuka mpaka pamoja nawe. Kwanza soma garanti yako inataja nchi zipi. Ikiwa Kongo haimo, konsesioneri wa hapa hana deni kwako hata kama nembo ni ileile, na itabidi urudishe gari kule. Kama imo, mpelekee kitabu na faktire akathibitishe namba ya shasi kabla kasoro haijatokea.

Wa Katuba: Naona unatetea konsesioneri. Bei zao tunazijua.

Jibu: Nakuonyesha wanakokataa kulipa, ili wasipate pa kukatalia. Kama una pesa ya kununua turbo mwenyewe, futa namba upendavyo.

Mama wa Bel-Air: Batri inakufa gari likikaa siku mbili. Ni jipya, lakini tuliweka GPS. Ni kosa la nani?

Jibu: Mama, pima kwanza. Gari likikaa usiku, batri nzima inaonyesha volti 12.6; ikiwa 12.2 au chini imeshanyonywa. Moteri ikiwaka, kwa magari mengi iwe kati ya 13.8 na 14.5. Ikiwa sawa hapo, kuna kinachokula usiku. Chomoa waya hasi wa batri, weka mita ya ampea kati ya waya huo na batri, funga milango, subiri nusu saa gari lilale, usiwashe moteri hata kidogo. Zaidi ya miliampea 50 ni nyingi. Sasa toa fuzibli ya GPS: ikishuka, mwenye kosa ni aliyeifunga. Isiposhuka, mpelekee konsesioneri namba hizo. Ila kwa kupima hivyo unachomoa batri, kwa hiyo kama kuna taa imewaka, soma namba ya kosa kwanza. GPS ipate umeme moja kwa moja kutoka batri na fuzibli yake karibu na batri, na idhini ya konsesioneri iwe ya maandishi. Waya ya kontakti ikikatwa ili kuzima gari kwa simu, kila kosa la umeme litarudishwa kwako.

Wa Likasi: Mazutu (dizeli) ya bidoni barabarani ina shida gani?

Jibu: Maji. Injekta za kisasa zinasukumwa kwa zaidi ya bar 1,500. Maji kidogo yanazitia kutu. Chukua mazutu kwenye chupa safi ya kioo, iache nusu saa: maji yanakaa chini. Taa ya maji ikiwaka, simama na ufungue kizibo chini ya filitri hadi itoke mazutu safi. Weka risiti za stesheni. Yakikutwa maji kwenye tanki, garanti inajitoa, na unayeweza kumdai ni aliyekuuzia.

Wa Golf: Naongeza moja. Wanaoegesha chini ya jakaranda, safisheni majani na maua chini ya kioo cha mbele kabla ya mvua za Novemba. Pale pana matundu ya kutolea maji. Yakiziba, maji yanaingia kwa feni hadi kwenye zulia.

Jibu: Kweli, na chini ya zulia magari mengi yana soketi za waya. Mwaga lita moja taratibu pale: maji yatoke nyuma ya gurudumu la mbele, kushoto na kulia. Yakitoka upande mmoja tu, ule mwingine umeziba.