Kabla ya upasuaji wa pili wa kupunguza uzito: utegemee kilo ngapi?

Anayerudi kwa daktari kuomba upasuaji wa pili wa kupunguza uzito huwa na namba moja kichwani: uzito mdogo kabisa aliowahi kufikia baada ya ule wa kwanza. Anataka kurudi pale, na ikiwezekana ashuke zaidi. Namba hiyo izungumzwe mapema, kabla ya tarehe na kabla ya bei, kwa sababu wengi hawaifikii tena. Anayelijua hilo tangu mwanzo anaweza kuamua kwa utulivu. Anayeligundua miezi minane baada ya upasuaji akiwa juu ya mizani huona ameshindwa, hata kama mwili wake umefanya vizuri kabisa.

Tuchukue mfano wa kutunga. Mama ana urefu wa mita 1.63. Alikuwa na kilo 130, akafanyiwa upasuaji wa kukatwa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, ukabaki mwembamba kama ndizi. Akashuka hadi kilo 92, kisha kwa miaka kadhaa akapanda taratibu hadi 110. Sasa anashauriwa kubadilishiwa upasuaji huo kuwa baipasi, yaani kutengenezewa kifuko kidogo na kuunganishwa na utumbo moja kwa moja. Kwa badiliko la aina hii, matarajio ya kawaida ni kupungua kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito alionao siku anayoingia chumba cha upasuaji, na wapo wanaobaki chini ya hapo. Kwake ni kilo 11 hadi 16. Atafika 99, au 94 mambo yakienda vizuri. Zile 92 za zamani huenda asizione.

Hesabu hiyohiyo inaweza kusemwa kwa njia inayomfurahisha sana. Akiishia kilo 99, amepungua asilimia 10 ya uzito wake wa sasa. Lakini ukianza kuhesabu kwenye zile 130 za mwanzo, ni asilimia 24. Na ukihesabu uzito wa ziada peke yake, yaani kilo zilizozidi 66 ambazo kwa urefu wake ndizo kikomo cha uzito wa kawaida, amepoteza asilimia 25 ya ziada ya sasa, au asilimia 48 ya ziada ya mwanzo. Mtu ni mmoja, mizani ni moja, na majibu manne yote ni ya kweli. Kwa hiyo ukitajiwa asilimia, muulize daktari ni asilimia ya nini, na inaanzia uzito upi. Kisha mwombe akuandikie kwenye karatasi: kilo ngapi, baada ya miezi mingapi. Daktari mzuri hatachukia swali hilo. Akikwepa, mimi ningetafuta maoni ya daktari mwingine.

Kwa nini upasuaji wa pili hupunguza kilo chache kuliko wa kwanza? Sehemu kubwa ya faida imeshachukuliwa. Ile sehemu ya mfuko inayotoa kwa wingi homoni ya njaa ilishakatwa, na haikatwi mara mbili. Mwili uliowahi kupungua sana hujifunza kutumia nishati kidogo. Na mtu anaanza akiwa na kilo chache kuliko mara ya kwanza, hivyo za kupoteza nazo ni chache. Aliyewekewa tu pete ya kubana mfuko wa chakula hapo awali yuko katika hali tofauti: pete ikitolewa na kufanyiwa baipasi, matokeo yake mara nyingi hukaribia ya mtu anayepasuliwa mara ya kwanza. Upo pia upasuaji unaoruka sehemu ndefu zaidi ya utumbo. Huo hupunguza kilo nyingi zaidi, lakini gharama yake ni kuharisha mara kwa mara na upungufu wa vitamini A, D, E na K, pamoja na protini, kwa asiyemeza virutubisho maisha yake yote. Kama duka lako la dawa lililo karibu halina virutubisho hivyo, au hutaweza kuvinunua kila mwezi, lizingatie hilo kabla ya kuvutiwa na kilo.

Swali jingine ni sababu ya upasuaji wenyewe. Wapo wanaobadilishiwa kwa ajili ya kiungulia kikali kilichoanza baada ya ule wa kwanza. Kwao mafanikio ni kulala usiku bila asidi kupanda kooni. Uzito ukipungua ni nyongeza tu, na kama haukuwa mkubwa hautashuka sana. Nimeona watu waliopona kiungulia kabisa wakasononeka kwa sababu ya mizani, na hilo lingeepukika kwa mazungumzo ya nusu saa kabla.

Sababu ya uzito kurudi nayo ichunguzwe bila kulaumiana. Unahitaji ripoti ya upasuaji wa kwanza. Kama ulifanyiwa nje ya nchi, anza kuifuatilia sasa, maana huchukua muda na bila hiyo daktari anaingia bila ramani. Utapimwa kwa kamera kupitia mdomoni, na mara nyingi kwa eksirei baada ya kunywa dawa nyeupe, kuona kama mfuko umetanuka au njia iliyofungwa imefunguka. Damu ipimwe madini ya chuma, B12, vitamini D na tezi ya shingo. Kisha peleka dawa zako zote mezani. Insulini, prednisoloni, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu zinaweza kuongeza uzito. Usiziache mwenyewe, uliza kama zipo mbadala. Chakula nacho kisemwe ukweli. Mfuko mdogo huzuia sahani ya ugali na nyama, lakini hauzuii juisi, soda, chai ya sukari, kashata na karanga za kutafunwa tangu asubuhi hadi jioni. Kama huko ndiko kilo zilikopitia, kisu cha pili hakitaziba njia hiyo.

Zipo pia sindano za kupunguza uzito, za semaglutaidi na tirzepataidi. Waliorudisha kilo baada ya upasuaji hupewa nao, na kwa baadhi yao zinatosha. Ni ghali, na ukiziacha uzito huelekea kurudi. Hata hivyo ziulizie, kwa kuwa upasuaji wa marudio una hatari kubwa kuliko wa kwanza: makovu ya ndani hushikanisha viungo, mshono unaweza kuvuja, damu inaweza kutoka au kuganda miguuni.

Sigara iachwe wiki kadhaa kabla, na isirudiwe, kwani baada ya baipasi huleta vidonda pale kifuko kilipounganishwa na utumbo. Diklofenaki na ibuprofeni nazo ziwe mwiko. Nyumbani waambie wote, maana ndizo tunazokimbilia mgongo ukiuma. Pombe itapanda kichwani haraka kuliko zamani. Kwa anayetaka mtoto, ushauri ni kusubiri miezi 12 hadi 18. Mwenye kisukari apange mapema na daktari wake kupunguza dozi, kwa sababu sukari inaweza kushuka ghafla siku za mwanzo.

Jipime mara moja kwa wiki, si kila asubuhi. Andika pia kiuno, dawa za presha unazomeza, na kama unapanda ngazi bila kuhema. Kilo nyingi hutoka mwaka wa kwanza, na katikati yake zipo wiki ambazo mizani haisogei kabisa. Protini iwe gramu 60 hadi 80 kwa siku: mayai, samaki, dagaa, maharage laini, maziwa yasiyo na sukari, na uanze nayo kabla ya wanga.

La mwisho ni kwa anayesafiri kwenda kupasuliwa mbali. Kabla ya kukata tiketi, mpate daktari wa nyumbani aliyekubali kukufuatilia. Homa, mapigo ya moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo, au kushindwa kubakisha hata maji tumboni ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Na ukiwa umetapika kwa siku kadhaa, wewe au aliyekupeleka mtamke wazi kwamba ulipasuliwa kupunguza uzito, na muulize kama utapewa vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi. Glukosi ikitangulia kwa mtu aliyeishiwa B1 inaweza kudhuru ubongo.