Jinsi ya kukagua njia ya upepo mkali kijijini kabla watu hawajafagia

Upepo ukishapita huku Kano ama Nyando, upande wa Kisumu, watu wanasema ni tornado, yaani upepo unaozunguka kutoka kwa wingu, halafu saa hiyo hiyo wanaanza kuokota mabati na kupasua miti iliyoanguka iwe kuni. Siwalaumu, mtu lazima alale mahali pakavu. Lakini kama unataka kujua kilichopita kilikuwa nini, ingia shambani siku hiyo ama kesho yake asubuhi, juu mahindi machanga yaliyolazwa huanza kuinua shingo ndani ya siku mbili tatu na miwa pia hujikunja kuangalia juu, ukichelewa utapata shamba limebadilika.

Vaa gambuti za soli ngumu maana misumari itakuwa imejificha kwa nyasi, chaji simu ijae, beba daftari ndani ya karatasi ya nailoni. Waya ya stima ikiwa chini usiikaribie hata kama kijiji kizima kiko giza, stima inaweza kurudi ukiwa hapo, pigia Kenya Power 97771 na uombe watu wasipitishe ng'ombe njia hiyo. Mjulishe mzee wa kijiji ama asisti chifu. Na ukiingia kwa boma la mtu usianze na kamera, anza na pole, kaa nao kidogo. Mama aliyelala nje na watoto ndiye atakuambia sauti ilitoka upande gani, mawe ya mvua yalianguka kabla ama baada, ilichukua muda gani. Andika vile amesema, usimrekebishe.

Sasa kazi yenyewe ni mwelekeo. Kila mti ulioanguka, simama kwa shina, elekeza simu upande ambao kilele kimelala, soma dira, andika, weka pini kwa ramani. Usichague ile mikubwa peke yake, chukua yote hata migomba. Ukishafika miti thelathini hivi picha inaanza kutoka. Ikiwa yote imelala upande mmoja kwa upana mkubwa, huo ni upepo wa kunyooka. Ikiwa imetawanyika kama vidole vya mkono uliofunguliwa, ni hewa iliyoporomoka kutoka kwa wingu ikagonga chini ikasambaa. Lakini ukipata njia nyembamba, miti ya upande huu na ya upande ule imelala ikielekea katikati, mingine imepandana juu ya mingine, hapo unaweza kusema kulikuwa na mzunguko. Tetsuya Fujita wa Chuo Kikuu cha Chicago alipokagua kutoka angani uharibifu wa tornado za Aprili 1974 kule Marekani aliona miti mahali pengine imelala kama miale ya nyota, na ndio akaanza kutofautisha hewa iliyoporomoka na tornado. Kwa hivyo mtu akikuambia "ni tornado tu, si uone vile paa limeenda", mwambie paa pekee halitoshi.

Na paa lenyewe lazima ulisome. Geuza bati uangalie misumari: imeng'oka mizima na mbao iliyoliwa na mchwa, ama bati limeraruka na msumari umebaki kwa mbao? Ya kwanza hata upepo wa kawaida unafanya, hasa nyumba ya veranda wazi ambapo upepo unaingia chini na kusukuma juu. Miti pia ni hivyo, mkaratusi uliong'oka na mizizi kwa udongo mweusi uliolowa mvua wiki nzima si sawa na ule uliovunjika katikati ukiwa mzima. Piga kila kitu picha tatu, ya mbali, ya kati, ya karibu.

Skeli ya EF, ya kupanga nguvu za tornado, inayotumika Marekani tangu 2007 iko na vitu 28 vya kulinganisha, nyumba, shule, miti na kadhalika, na kasi inakisiwa kutokana na uharibifu. Daraja la EF1 ni kama 138 hadi 177 km kwa saa. Lakini hizo nyumba ni za kule, usichukue nyumba ya matope ya Ahero ukaipatia namba. Hata wao, tornado ikipita mahali hakuna kitu cha kupimia, wanaandika EFU, yaani haijulikani, na hiyo ni jibu halali kabisa.

Kazi ya hao wakaguzi wa kule huwa ngumu zaidi baada ya harikeni, ile dhoruba kubwa ya kutoka baharini, juu harikeni yenyewe imeshaangusha miti kila mahali na ndani yake kunazaliwa tornado, Ivan ya 2004 ilileta zaidi ya 100. Wanachotafuta ni ule mstari mwembamba unaokataa kufuata mwelekeo wa miti mingine. Huku kwetu harikeni hazifiki lakini dhoruba mbili zinaweza kupita jioni moja, kwa hivyo njia ni ile ile, jua kwanza miti mingi imelala wapi, halafu tafuta isiyokubaliana nayo.

Tembea hadi uharibifu uishe pande zote, hata ukipitia miwa ya Chemelil, na andika pia mahali hakukuguswa kitu. Upana pima kwa hatua, zako uwe umezipima kwa futi nyumbani. Ukishachora ramani rudi nayo kwa kila boma uliloingia uwaonyeshe, karibu kila mara kuna mzee atasema huo mti ulianguka mwezi uliopita, na hiyo pini unaitoa.